Kutoa EP ya Pamoja ya Muziki wa Kielektroniki: Mwongozo Kamili kwa Maprodyuza Walio Miji Tofauti

Kazi nyingi za pamoja zinazoletwa kwangu ili nizifanyie miksi, yaani kuunganisha na kusawazisha sauti zake zote, huja na tatizo lile lile. Mdundo uliotoka Dar es Salaam ni mzuri na mdundo uliotoka Durban ni mzuri, lakini vikiwekwa pamoja havikai. Wahusika hudhani kwamba mitindo yao haipatani, wakati ukweli ni kwamba mmoja ametuma MP3, mwingine hakuandika kasi ya wimbo wake, na hakuna aliyejua nani ana kauli ya mwisho. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuepuka hayo, tangu mazungumzo ya kwanza hadi malipo ya kwanza.

Mfano nitakaoutumia ni EP, yaani toleo fupi kuliko albamu, ya nyimbo nne ya maprodyuza watatu: mmoja wa singeli aliyeko Dar es Salaam, mmoja wa gqom, muziki wa dansi wa Durban, aliyeko huko huko, na mmoja wa kuduro na batida, mitindo ya dansi yenye asili ya Angola, aliyeko Lisbon. Hesabu zake zinafaa mchanganyiko mwingine wowote, mradi ubadilishe namba.

## Mnachohitaji kabla ya kuanza

- Programu ya muziki kwa kila mmoja. Si lazima iwe moja. Anayetumia FL Studio na anayetumia Ableton Live wanaweza kumaliza EP nzima bila kufungua faili la mradi la mwenzake.
- Hedifoni zinazofunika masikio, spika moja unayoijua vizuri, na simu ya kawaida kwa majaribio.
- Folda moja ya pamoja mtandaoni yenye nafasi isiyopungua gigabaiti 15.
- Jedwali moja la nyimbo ambalo wote watatu wanaweza kuliandika.
- Karatasi ya mapatano, ukurasa mmoja au miwili.
- Kifurushi cha intaneti kinachotosha. WAV ya stirio ya biti 24 kwa 44.1 kHz hula takriban megabaiti 16 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika nne wenye traki 12 (kila chombo au sauti kwenye faili lake) hufika karibu megabaiti 770, na nyimbo nne huzidi gigabaiti 3 kabla hujarudia kutuma chochote.
- Miezi mitatu. Kazi hii inaweza kwisha mapema, lakini ukiwaahidi watu wiki tatu utaishia kuachia miksi ambayo haijaiva.

## Hatua ya 1: Andikeni mapatano kabla ya mdundo wa kwanza

Mapatano yaandikwe wakati hakuna bado kitu cha kugombea. Wimbo ukishaanza kupendwa, kila mtu hukumbuka mchango wake kuwa mkubwa kuliko ulivyokuwa, na hukumbuka hivyo kwa nia njema kabisa.

Tenganisheni haki mbili. Ya kwanza ni haki ya utunzi, yaani melodia, maneno na mpangilio wa wimbo. Ya pili ni haki ya rekodi yenyewe, yaani sauti iliyokamilika ambayo watu watainunua na kuisikiliza. Mtu anaweza kuwa na sehemu katika utunzi bila kuwa na sehemu katika rekodi, na kinyume chake, ndiyo maana kila wimbo unahitaji mistari miwili ya asilimia, kila mstari ukifika 100.

Mbali na asilimia, andikeni mambo haya: nani ana kauli ya mwisho kwa kila wimbo, gharama zipi zitarudishwa kwanza kabla ya mgao, majina ya wasanii yataandikwa vipi na kwa mpangilio gani, fedha zitaingia kwenye akaunti ya nani, na wimbo utakuwa wa nani iwapo mmoja atajitoa katikati. Kuhusu akaunti, hakikisheni kwamba huduma ya malipo mliyoichagua inamruhusu mtu wa nchi hiyo kupokea fedha, si kulipa tu.

Tahadhari: Usiandike "tutagawana sawa" na kuishia hapo. Je, MC aliyeingia studio kwa saa moja yumo katika huo usawa? Fundi wa masta, anayeipa rekodi umbo lake la mwisho, je?

Utajua umefaulu: Kila mmoja ana nakala yenye tarehe na sahihi za wote, na hakuna swali la fedha linalojibiwa kwa "tutaona".

## Hatua ya 2: Chagueni kasi zenye uhusiano

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na hapa ndipo pia palipo na utamu wote wa kuchanganya mitindo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Singeli hukimbia kuanzia mapigo 200 kwa dakika na inaweza kukaribia 300. Gqom hutembea karibu na 126, amapiano karibu na 112, na kuduro karibu na 140. Mtu akiona 210 na 140 hudhani hakuna njia ila kumvuta mmoja kuelekea mwenzake, na matokeo yake huwa singeli iliyochoka au kuduro inayohema.

Usivute. Tafuta uwiano. Uwiano rahisi kuliko wote ni moja kwa mbili: gqom ya 126 hukaa chini ya singeli ya 252, na kila pigo moja la Durban hubeba mawili ya Dar es Salaam. Amapiano ya 112 hukaa vivyo hivyo chini ya 224. Mchezaji anaweza kuchagua kufuata miguu ya pole au mikono ya haraka, na wote wawili hawatapotea.

Uwiano wa pili ni mbili kwa tatu, na ndio ninaoupenda zaidi. Kuduro ya 140 na singeli ya 210 hukutana kila baada ya mapigo mawili ya kuduro, ambayo ni sawa na matatu ya singeli. Yote huchukua sekunde 0.857. Aliyekulia karibu na ngoma hahitaji kufundishwa jambo hili, kwa sababu tatu dhidi ya mbili ndiyo inayoendesha ngoma nyingi za pwani, na aliyecheza chakacha ameshaibeba kiunoni. Jaribu mwenyewe: piga mguu mara mbili huku mkono ukipiga mara tatu katika muda ule ule, kisha ongeza kasi polepole. Mkono na mguu vikifika mwisho pamoja bila kulazimishwa, umeupata mdundo wa wimbo wako.

Uwiano huu una sharti moja ambalo husahaulika. Baa ni kipimo cha mapigo manne. Baa mbili za kuduro zina mapigo manane, na mapigo manane ya 140 ni sawa na 12 ya 210, yaani baa tatu za singeli. Kwa hiyo baa nane za Lisbon ni baa 12 za Dar es Salaam, na 16 ni 24. MC akija na mistari ya baa 16 alizozizoea, atamaliza wakati dramu za kuduro ziko katikati ya baa ya 11, na kila msikilizaji atahisi kwamba kuna kitu kimekatika hata kama hawezi kukitaja. Mwambie mapema aandike baa 24, au baa 12 mara mbili.

Durban na Lisbon ni habari nyingine. Kati ya 126 na 140 hakuna uwiano rahisi, kwa hiyo kwa wimbo wao lazima wakubaliane kasi moja, tuseme 132, na kila mmoja aupange upya mdundo wake kwa kutumia sauti za dramu moja moja. Kuvuta mzunguko uliokwisha kurekodiwa kutoka 126 hadi 132 hufifisha ncha za dramu. Sauti moja moja zikisogezwa kwenye gridi hubaki na makali yake.

Utajua umefaulu: Jedwali la nyimbo lina kasi mbili kwa kila wimbo wa mchanganyiko, uwiano wake, na idadi ya baa kwa kila sehemu kwa hesabu ya kila upande.

## Hatua ya 3: Kubalianeni ufunguo

Ufunguo hautasumbua kama kasi, isipokuwa pale sampuli inapoongezwa mwendo kwa njia ya zamani, ambapo sauti hupanda pamoja na kasi. Singeli imeifanya njia hii kuwa sehemu ya ladha yake, na hakuna sababu ya kuiacha.

Kumbuka tu hesabu yake. Kipande cha kinanda cha kasi ya 105 kikipelekwa 210 hupanda oktavu nzima, kwa hiyo noti ya Do hubaki Do. Kipande cha 140 kikipelekwa 210 hupanda nusu-toni saba, na Do huwa Sol. Ukilisahau hilo, kinanda chako kitagombana na besi ya mwenzako, nawe utadhani kosa ni la besi.

## Hatua ya 4: Tumeni mafaili yatakayokaa popote

Kanuni ni hizi, na zisivunjwe hata kwa haraka:

1. Toa kila traki peke yake, kuanzia sekunde ya sifuri ya wimbo, hata kama sauti yenyewe inaingia dakika ya tatu. Mwenzako ataziweka zote mwanzoni na zitakaa bila kukisia.
2. Tumia WAV ya biti 24, kwa 44.1 kHz, kwa wote.
3. Ondoa kila kitu kilichowekwa kwenye chaneli kuu, hasa ile limita ya kuongeza ukubwa wa sauti, na acha kilele cha sauti kibaki desibeli 6 chini ya kikomo.
4. Tuma nakala mbili za traki yenye mwangwi mzito: moja kavu, moja yenye mwangwi.
5. Taja faili kwa mpangilio mmoja: namba ya wimbo, kasi, ufunguo, chombo, jina lako, toleo. Kwa mfano: 02_210_Am_kinanda_dar_v3.

Kwa nini isiwe MP3? Si kwa sababu ya ubora peke yake. Usimbaji wa MP3 huongeza ukimya mfupi mwanzoni mwa faili, mara nyingi karibu milisekunde 25. Katika wimbo wa mapigo 200 kwa dakika, robo ya pigo ni milisekunde 75 tu, kwa hiyo traki hiyo huchelewa kwa theluthi ya robo ya pigo. Nilikaa jioni nzima na wimbo mmoja ambao vifijo vyake vilikuwa vinaburuta nyuma ya dramu, nikabadilisha kila kitu nilichoweza kukibadilisha, hadi nilipoivuta picha ya sauti karibu kabisa na kuona ule mstari mwembamba wa ukimya mbele ya kifijo cha kwanza. Faili lilikuwa limeitwa WAV, lakini lilikuwa limegeuzwa kutoka MP3, na kugeuza hakukuuondoa ule ukimya.

Dawa yake ni kofi la alama. Kila mmoja aweke sauti fupi ya kofi kwenye pigo la kwanza la kila traki, baa moja kabla muziki haujaanza. Makofi yakilia kama kofi moja, mafaili yako salama. Yakilia kama watu wawili wanaopishana, rudisha faili kwa aliyelituma.

Kwa wenye intaneti ya kupima, kuna nafuu mbili. Dramu ya besi, besi na sauti ya mtu zinaweza kutolewa kwa mono, yaani chaneli moja badala ya mbili za stirio, ambayo ni nusu ya ukubwa. Pia FLAC, aina nyingine ya faili la sauti, hupunguza faili sana bila kupoteza chochote cha sauti. Ukilazimika kutumia WhatsApp, tuma faili kama hati, kamwe usilirekodi upya kama ujumbe wa sauti.

Utajua umefaulu: Unafungua mradi mtupu, unaweka kasi iliyoandikwa kwenye jina la faili, unadondosha traki zote mwanzoni, na wimbo unacheza sawasawa bila wewe kugusa kitu.

## Hatua ya 5: Wimbo ukae kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja

Wakati wowote kuna mwenye wimbo mmoja tu, wengine husubiri. Wawili wakifanyia kazi toleo la tatu siku moja, mtapata matoleo mawili ya nne, na hakuna atakayekubali kutupa lake. Siku saba kwa kila mmoja na mizunguko mitatu vinatosha. Maoni yaandikwe yakiwa na dakika na sekunde: "1:42, sneya inazidi kinanda" humsaidia mwenzako, ilhali "haina nguvu" humwacha akikisia.

## Hatua ya 6: Ruhusa za sampuli na za sauti za watu

Kipande cha sekunde mbili cha taarab ya zamani kina haki zile zile mbili nilizozitaja katika hatua ya 1, na mara nyingi ziko kwa watu wawili tofauti: aliyetunga au warithi wake, na aliyemiliki rekodi. Ruhusa ya mmoja haitoshi. Imani ya kwamba sekunde chache haziwezi kudaiwa haina msingi, na mwenye haki anaweza kuomba wimbo uondolewe sokoni wakati ndio kwanza unaanza kusikika.

Njia iliyo salama zaidi, na kwa maoni yangu iliyo bora kimuziki, ni kumlipa mpiga kinanda au mpiga violini aliye hai awapigieni kitu kipya chenye ladha ile ile. Mtapata rekodi iliyo yenu, naye atapata malipo na jina lake kwenye EP.

MC asaini karatasi siku ile ile ya kurekodi, kabla hajaondoka studio, ikisema amelipwa kiasi gani na ana asilimia gani ya utunzi. Ninalisisitiza hili kwa uchungu, kwa sababu katika kazi za namna hii sauti ya kijana wa Manzese au Tandale ndiyo inayoubeba wimbo hadi ng'ambo, na ni jina lake linalokosekana. Kwa Tanzania, msanii asajili kazi yake COSOTA, ofisi ya hakimiliki, akitumia asilimia zile zile zilizo kwenye mapatano.

Utajua umefaulu: Kila sauti inayosikika kwenye EP ina jina la mwenyewe kwenye jedwali na ruhusa yake kwenye folda.

## Hatua ya 7: Miksi

Mmoja afanye miksi ya nyimbo zote nne. Anza na sehemu ya chini, kwa sababu ndipo mitindo hii inapogombana. Besi ya gqom hupenda kukaa muda mrefu, huku katika mapigo 210 kukiwa na milisekunde 286 tu kutoka pigo hadi pigo. Dramu ya besi ya singeli yenye mkia wa milisekunde 400 itafunikwa na ya pili yake, na ukiongeza besi ya Durban juu yake utapata ngurumo isiyo na mpigo. Fupisha mkia wa dramu hadi milisekunde 150 au 180, kisha iache besi ndefu ishuke kidogo kila dramu inapopiga.

Kila kilicho chini ya takriban hezi 120 kiwe mono. Spika nyingi za mtaani, zikiwemo zile zinazopangwa kwa ajili ya vigodoro, huunganishwa kama mono, na besi iliyotanuliwa kulia na kushoto inaweza kujifuta yenyewe pale pale watu wanapoisubiri.

Kisha sikiliza kwenye simu. Kama kwenye simu huwezi kujua besi inapiga noti gani, iongezee mkwaruzo kidogo kwenye sauti za kati mpaka ijulikane. Usiongeze ukubwa wa chini, kwani simu haiwezi kuutoa.

Utajua umefaulu: Ukipunguza sauti hadi karibu na kimya, bado unasikia dramu ya besi na kinara wa melodia, na unaweza kuhesabu kasi zote mbili.

## Hatua ya 8: Masta

Mpeni fundi ambaye hakuhusika na miksi, na apewe nyimbo zote nne kwa pamoja ili zilingane. Spotify huzirekebisha nyimbo kuelekea -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), kwa hiyo wimbo uliobanwa mno hushushwa ukubwa huku ukiwa umeshapoteza pumzi yake. Muziki wa klabu unaweza kuzidi kipimo hicho bila ubaya, lakini kilele halisi cha sauti kisizidi desibeli -1. Ombeni pia toleo lisilo na sauti ya MC, ma-DJ watalihitaji.

## Hatua ya 9: Utoaji

Kila rekodi huhitaji msimbo wake wa ISRC, yaani namba ya kimataifa ya kuitambulisha rekodi, wenye herufi na tarakimu 12, na EP nzima ina msimbo mmoja wa bidhaa. Msambazaji wa kidijitali kwa kawaida huwapa. Nakilini ISRC kwenye jedwali, na toleo lisilo na sauti lipewe msimbo wake lenyewe, kwa kuwa ni rekodi nyingine.

Majina yaandikwe kwa herufi zile zile kila mahali. Nafasi moja ya ziada katika jina la msanii inaweza kufungua ukurasa mpya wa msanii asiyekuwepo, na mapato ya wimbo yakaandikwa kwake.

Kwa muziki usio wa soko kubwa, Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, bado ndiyo mahali ninapopashauri kwanza. Wao huchukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, pamoja na ada ya malipo, na mnunuzi anaweza kuongeza bei kwa hiari yake. Pandisheni WAV au FLAC. Jalada liwe la mraba, pikseli 3000 kwa 3000, na maelezo yamtaje kila aliyehusika na mji wake. Huduma nyingine zipelekewe EP wiki nne kabla ya siku ya kutoka.

Mkitaka lebo, sikilizeni kwanza inachotoa. Nyege Nyege Tapes ya Kampala imetoa singeli, na Príncipe ya Lisbon imejengwa juu ya batida. Kupeleka wimbo kwa lebo isiyowahi kugusa sauti yenu ni kupoteza muda wa pande zote. Tumeni kiungo cha siri cha nyimbo mbili zilizokamilika, na mistari mitano ya maelezo.

Tahadhari: Msiweke EP hadharani kwanza kisha mkaitafutia lebo. Lebo nyingi ndogo hutaka kuwa za kwanza.

## Hatua ya 10: Mgao wa kwanza na kumbukumbu

Mwenye akaunti atume taarifa kila baada ya miezi mitatu, hata kama kilichoingia ni dola 11. Taarifa ionyeshe mauzo, makato, gharama zilizorudishwa na salio, na iambatane na picha ya ukurasa wa mapato wenyewe. Kiasi kikiwa kidogo mno kutumwa ng'ambo kwa sababu ya ada, kibaki kwenye hesabu kwa jina la mwenyewe hadi kifike kiwango mlichokubaliana.

Mwisho, wekeni traki zote za mwisho kwenye diski mbili zilizo katika miji miwili tofauti, pamoja na mapatano, ruhusa na jedwali. Prodyuza mwingine akiomba kutengeneza rimiksi, mtamtumia folda ile ile yenye makofi ya alama mwanzoni, na karatasi mpya ya mapatano yenye jina lake.